Noah: Gari la familia la Japani lilivyogeuka basi la vijijini kwetu

Wiki iliyopita katika kipindi chetu cha asubuhi tuliuliza swali moja: Noah ziendelee kubeba abiria au zizuiwe? Simu hazikukatika mpaka muda wa taarifa ya habari ukatukuta. Mama mmoja kutoka kijiji kilicho mbali na lami alianza hivi: "Mwanangu mtangazaji, mkiziondoa hizo Noah, tuleteeni kwanza kitu kingine cha kutupeleka hospitali." Baada yake akaingia mzee mmoja. Mjukuu wake aliumia mguu Noah ilipopinduka, na walipofuatilia fidia wakaambiwa bima ya gari lile haihusu abiria wa nauli. Akasema, "Mimi sina ugomvi na gari. Nauliza tu, nani anamlipa mtoto wangu?"

Wote wawili wana haki ya kujibiwa, na muda wa redio haukutosha. Ndiyo maana tumeandika makala haya. Ili kuelewa mvutano huu inabidi kwanza tulifahamu gari lenyewe: lilitengenezwa na nani, kwa ajili ya nani, limebadilika vipi, na lilifikaje kwenye barabara zetu za vumbi kufanya kazi ambayo waliolibuni hawakuikusudia.

Lilianzia wapi?

Noah ni gari la Toyota, na ukoo wake ni wa magari ya mizigo. Mwaka 1967 Toyota ilianza kuuza HiAce, gari ambalo kila Mtanzania analijua kwa jina la Haisi au kipanya. Mwaka 1970 likafuata lililo dogo zaidi, LiteAce, na mwaka 1976 TownAce. Yalikuwa magari ya wafanyabiashara wadogo wa Japani, watu wa kusambaza mboga, vifaa vya umeme na vipuri. Injini ilikaa chini ya viti vya mbele ili nyuma ibaki nafasi kubwa ya mzigo.

Polepole familia za Japani zikagundua kwamba gari hilo likiwekewa viti linabeba baba, mama, watoto, bibi na mizigo ya safari. Toyota ikaanza kutengeneza matoleo ya abiria yenye viti vizuri, kiyoyozi na madirisha makubwa. Hata hivyo lilibaki gari la mizigo lililopambwa. Dereva alikaa mbele kabisa, magoti yake yakiwa karibu na bampa, na gari likigongana uso kwa uso hapakuwa na kitu kikubwa cha kumkinga.

Miaka ya 1990 mambo yalibadilika. Uchumi wa Japani ulikuwa umetoka kwenye kilele chake na kuanza kusuasua, na familia nyingi zikataka gari moja linalofaa kwa kila kitu. Nissan ilikuwa na Serena tangu mwaka 1991. Mwaka 1996 Honda ikaleta Stepwgn, gari la familia lenye umbo la sanduku. Mwezi Oktoba mwaka huohuo Toyota ikajibu kwa TownAce Noah, pamoja na ndugu yake LiteAce Noah.

Ni gari moja lenye majina mawili. Wakati huo Toyota ilikuwa na mitandao kadhaa ya maduka nchini Japani, na kila mtandao ulitaka gari la kwake la kuuza. Kwa hiyo sura ya mbele ikabadilishwa kidogo, jina likabadilishwa, na mengine yakabaki yaleyale. Noah ni jina ambalo sisi, Waislamu kwa Wakristo, tunalijua kama Nuhu. Ukiona watu wanavyopakiwa kwenye stendi zetu, unaweza kudhani aliyelichagua alishafika huku.

Kwa nini lilipendwa?

Noah ya kwanza iliwekewa pua fupi mbele, ili ikigonga, bati likunjike kabla ya kumfikia dereva. Injini ilibaki chini ya viti vya mbele na nguvu ilipelekwa kwenye magurudumu ya nyuma. Ndiyo sababu fundi wa Noah ya zamani huwaomba waliokaa mbele washuke, anainua kiti, ndipo anaiona injini. Na ndiyo sababu ukikaa mbele safari nzima unaondoka na joto la makalio.

Ukubwa wake nao ulipimwa kwa makusudi. Japani ina daraja la magari ya abiria linalojulikana kwa namba 5 kwenye kibao cha usajili. Ili gari liingie humo, urefu usizidi mita 4.7, upana usizidi mita 1.7, kimo kisizidi mita 2, na injini ya petroli isizidi lita 2. Noah ilikaa ndani ya mipaka hiyo. Ilipita kwenye vichochoro vya miji ya Japani, lakini ndani ilikuwa na safu tatu za viti kwa watu 7 au 8.

Mlango wa kuvuta ulikuwa mmoja tu, upande wa kushoto. Japani wanaendesha upande wa kushoto wa barabara kama sisi, kwa hiyo abiria anashukia pembeni wanakopita waenda kwa miguu. Gari lilipofika Tanzania, Kenya na Uganda, mlango ulikuwa tayari uko mahali pake. Kwa majirani zetu wa Rwanda, Burundi na Kongo, wanaoendesha upande wa kulia, mlango huohuo unafungukia katikati ya barabara.

Vizazi vyake, na fundi wa chini ya mwembe

Madalali wetu wana majina mawili tu: Noah "old model" na Noah "new model". Ukweli ni kwamba kuna vizazi vitano, na tofauti zake zinagusa mfuko wa mnunuzi moja kwa moja.

Kizazi cha kwanza, cha 1996 hadi 2001, ndicho mafundi wanachokiita SR40, au SR50 kama kinavuta magurudumu yote manne. Injini yake ya petroli ni 3S ya lita 2, ileile iliyofungwa kwenye RAV4 za mwanzo, Ipsum na Camry kadhaa. Palikuwapo pia ya dizeli ya lita 2.2 yenye taboo. Kwa kuwa 3S ilienea kwenye magari mengi, spea zake hupatikana kirahisi, na fundi aliyejifunzia gereji ya mtaani anaijua. Kusukumwa na magurudumu ya nyuma kunalisaidia gari kupanda mlima likiwa na mzigo, maana uzito wa nyuma unayakandamiza magurudumu yanayosukuma.

Novemba 2001 Toyota ilibadilisha karibu kila kitu. Majina ya TownAce na LiteAce yakaachwa kwenye gari hili, likawa Noah tu, na ndugu yake akaitwa Voxy. Injini ikahamia mbele chini ya boneti, na magurudumu ya mbele ndiyo yakawa yanavuta, isipokuwa kwa toleo la magurudumu manne. Kwa kuwa injini haikuwa tena chini ya viti, sakafu ilishuka na mtoto au mzee akapanda bila kuinua sana mguu. Milango ya kuvuta ikawa miwili, kushoto na kulia. Kwa familia ya Japani hayo yalikuwa maendeleo makubwa.

Kwa fundi wetu ilikuwa habari nyingine. Injini ya kizazi hicho hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa shinikizo kubwa, mfumo ambao Toyota inauita D-4. Pampu na nozeli za namna hiyo hazivumilii petroli chafu. Mwaka 2004 gia za kawaida za otomatiki nazo ziliondolewa, ikaja CVT, gia inayotumia mkanda wa chuma badala ya meno ya kubadilisha moja, mbili, tatu. Inataka oili yake maalumu. Ukimwekea oili yoyote iliyo karibu, gia boksi itakuonyesha ulichofanya. Wenye magari wengi waliolalamika kwamba "new model ni kimeo" walikuwa na gari zuri lililohudumiwa kama la zamani.

Juni 2007 kikaja kizazi cha tatu, chenye injini mpya za ZR. Upulizaji wa moja kwa moja uliachwa, jambo lililowapunguzia mafundi maumivu, lakini CVT ilibaki. Januari 2014 kikaja cha nne, na hapo kwa mara ya kwanza Noah ikapata toleo la mseto, yaani injini ya petroli ya lita 1.8 inayosaidiwa na mota ya umeme na betri. Mwaka huo pia alizaliwa ndugu wa tatu, Esquire, aliyelenga wanaotaka sura ya kifahari. Ilipofika Mei 2020 Toyota iliruhusu maduka yake yote Japani kuuza magari yote, na sababu ya kuwa na majina mengi ikapungua. Januari 2022 kilipotoka kizazi cha tano, walibaki Noah na Voxy. Sasa upana ni mita 1.73, maana yake gari hili limetoka rasmi nje ya lile daraja la namba 5 lililolizaa.

Lilifikaje huku?

Mjapani hauzi gari lake kwa sababu limekufa. Sheria ya nchi yake inataka gari jipya likaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo pamoja na ada zake ni ghali. Gari la petroli likipita miaka 13 tangu lisajiliwe, kodi yake ya mwaka huongezwa. Kwa hiyo mwenye gari anapiga hesabu, anaona afadhali auze. Gari linakwenda mnadani, linanunuliwa na wafanyabiashara wa kusafirisha nje, na baada ya wiki kadhaa baharini linateremshwa Dar es Salaam au Mombasa.

Huku kila nchi inalipokea kwa sheria yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mitumba lililozidi miaka 8. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 kuzuia yaliyofikisha miaka 15. Tanzania haikuweka marufuku ya umri kwa magari ya namna hii, ila inatoza ushuru wa ziada kwa uchakavu. Matokeo yake ni wazi. Noah ya mwisho ya kizazi cha kwanza ilitengenezwa 2001, kwa hiyo Kenya ilifungiwa mlango wa kuziingiza takribani mwaka 2009. Kwetu ziliendelea kuingia kwa yeyote aliyekuwa tayari kulipa ushuru huo. Ndiyo maana gari ambalo kwao limekuwa kumbukumbu, kwetu bado linaondoka stendi saa kumi na moja alfajiri.

Mwanzo zilinunuliwa na familia kweli: mwalimu mkuu, mfanyabiashara wa duka la jumla, mstaafu aliyepata kiinua mgongo. Kisha mwenye gari akaona linashinda limepaki siku tano za wiki. Akampa dereva, wakapatana hesabu ya siku. Kinachozidi hesabu ni cha dereva, na hapo ndipo kila kiti cha ziada kinapopata thamani.

Kwa nini Noah ikashinda basi?

Watu wanasema Noah zimestawi kwa sababu ya tamaa. Tamaa ipo, lakini haitoshi kueleza jambo hili.

Chukua kijiji ambacho watu 40 tu husafiri kwenda mjini kwa siku. Basi la watu 30 likitaka kujaa, litasubiri karibu siku nzima. Mwenye basi hawezi kuishi hivyo, kwa hiyo anaweka safari moja, alfajiri, na kurudi jioni. Aliyeugua saa nne asubuhi amekosa. Noah inajaa haraka kwa watu wachache, inaondoka, nyingine inaingia. Abiria anasubiri saa moja badala ya siku. Zaidi ya hapo, Noah inapita mahali ambapo basi kubwa litakwama au litakataa kupita, na dereva wake anakubali kukufikisha mpaka mlangoni ukiwa na mgonjwa.

Kwa hiyo Noah iliingia kwenye pengo. Reli haipo, mabasi hayatoshi, na chaguo lililobaki ni bodaboda, ambayo kwa mama mjamzito au mzee mwenye mgongo mbovu kwenye njia ya kilomita 40 si chaguo la kuitwa chaguo. Mama aliyetupigia simu alikuwa anasema hilo tu.

Hesabu ya uzito

Sasa tumsikilize yule mzee. Je, gari hili linaweza kubeba tunachokibebesha?

Wajapani wanapokadiria uzito wa gari lililojaa, huhesabu kila mtu kilo 55. Noah ya watu 8 kwa hesabu hiyo ni kilo 440 za watu. Huo ndio uzito ambao springi, breki na matairi viliwekwa kuubeba kila siku.

Njoo stendi. Safu ya kati wanakaa wanne, ya nyuma wanne, nyuma ya dereva pamewekwa kigoda cha wawili, mbele wawili, konda anainama mlangoni, na dereva. Hao ni 14. Kwa wastani wa kilo 65 kwa mtu, ni kilo 910, zaidi ya mara mbili ya kilichokusudiwa, na bado hatujahesabu gunia la vitunguu lililofungwa juu.

Angalia tairi. Noah ya kizazi cha pili hutumia tairi za 195/65 ringi 15. Ubavuni mwa tairi ya kawaida ya saizi hiyo pameandikwa namba 91, maana yake inaruhusiwa kubeba kilo 615 ikiwa mpya na ina upepo wa kutosha. Tairi nne ni kilo 2,460. Gari lenyewe tupu ni takriban kilo 1,500. Ongeza watu wale 14, umefika kama kilo 2,410. Zimebaki 50. Gunia moja tu la mahindi la kilo 100 linakuvusha mpaka. Na uzito haugawanyiki sawa, kwa sababu watu wengi wamekaa nyuma, kwa hiyo tairi za nyuma zilishazidiwa kabla ya gunia. Sasa fikiria kwamba tairi si mpya, ni mtumba iliyochoka, na jua ni la saa saba mchana.

Tairi iliyozidiwa hupata joto, na joto ndilo linaloipasua. Ikipasuka ya nyuma kwenye mwendo mkali, gari refu la kwenda juu lenye mzigo kwenye paa huanza kuyumba, na dereva akikata usukani kwa hofu, linalala. Ajali hiyo tutaiita kazi ya Mungu, lakini hesabu yake ilishafanyika stendi.

Kuna pia mikanda. Gari lilikuja na mikanda ya watu 8. Aliyekaa kwenye kigoda hana mkanda, hana cha kuegemea kichwa, na kigoda chenyewe hakikufungwa sakafuni. Gari likisimama ghafla, yeye ndiye wa kwanza kuruka.

Kibao cha njano na kibao cheupe

Sehemu hii ndiyo iliyomuumiza mzee wetu, na wasikilizaji wengi walikiri hawakuijua.

Tanzania gari binafsi lina kibao cha usajili cha njano, na gari la biashara lina cheupe. Gari la kubeba abiria kwa nauli linatakiwa pia kuwa na leseni ya LATRA, mamlaka iliyochukua nafasi ya SUMATRA katika usafiri wa ardhini mwaka 2019. Mambo haya si makaratasi ya kumsumbua mwananchi. Yanaamua gari limekatiwa bima gani.

Sheria inataka kila gari liwe na bima angalau ya kumlinda mtu wa tatu. Lakini kampuni ya bima hupanga bei kulingana na matumizi. Gari la familia linalokwenda kazini na kanisani au msikitini lina hatari ndogo, bima yake ni nafuu. Gari linalokimbia na abiria kutwa lina hatari kubwa, bima yake ni ghali, na ndani yake wamehesabiwa abiria. Mwenye gari akiliacha na kibao cha njano na kulikatia bima ya gari binafsi huku linabeba watu kwa nauli, ameokoa fedha, lakini abiria wamekaa kwenye gari ambalo mkataba wake wa bima hauwahusu. Likipinduka, kampuni itasoma mkataba na kusema matumizi yalikuwa mengine. Aliyeumia ataambiwa akamshtaki mwenye gari, ambaye mali yake kubwa mara nyingi ilikuwa hilohilo gari lililopinduka.

Na hata lenye kibao cheupe na leseni zote likijaza watu 14 kwenye nafasi za 8, linajiweka kwenye mabishano hayohayo.

Tukisema levo siti, nani analipa?

Jibu rahisi ni kusema: wakae wanavyotakiwa, basi. Tulifanye kwa shilingi tuone.

Tuseme nauli ni shilingi 5,000 na Noah inabeba abiria 12 wanaolipa. Safari moja inaingiza 60,000. Ikibeba 7, ambao ndio wanaobaki ukimtoa dereva, inaingiza 35,000. Mafuta hayapungui kwa kiasi hicho. Ili mapato yarudi palepale, nauli ipande mpaka karibu 8,600. Mama anayempeleka mtoto kliniki, kwenda na kurudi, atalipa 17,200 badala ya 10,000. Wengine hawatakwenda kliniki. Hilo nalo ni suala la uhai, ingawa haliandikwi kwenye taarifa za ajali.

Hesabu hiyo, hata hivyo, ina upande ambao madereva hawautaji. Gari lililobeba kilichokusudiwa halili tairi, shokapu na bushi kila mwezi, wala haliunguzi gia boksi, hasa zile za CVT. Konda naye haitajiki kwa watu 7, dereva anaweza kukusanya nauli mwenyewe. Kwa hiyo nauli haina haja ya kupanda yote mpaka 8,600. Itapanda, lakini kidogo kuliko tunavyotishwa.

Kwa maoni yangu, marufuku ya jumla haitafanya kazi. Gari litaacha stendi, litapakia nyuma ya soko saa tisa usiku, na abiria watakuwa hatarini zaidi kuliko leo kwa sababu hakuna atakayewaona. Kuyafumbia macho nako ndiko kulikotufikisha hapa. Njia iliyo katikati ni kuzitambua Noah kwa njia zile tu ambazo basi halifiki, kuzipa leseni na kibao cheupe, kuzikatia bima inayotaja abiria, kuzipangia nauli yake tofauti na ya basi, kisha kusimamia idadi ya watu bila huruma na bila kupokea kitu dirishani. Halmashauri nazo zikitengeneza barabara ya kijiji, basi dogo litafika lenyewe, na Noah itarudi kuwa gari la familia bila kufukuzwa na mtu.

Kinachokuja

Noah za kizazi cha kwanza, hata ile changa kuliko zote, zimepita miaka 20. Zitaondoka zenyewe, moja baada ya nyingine, na nafasi yake inachukuliwa na zile za 2007 na 2014, zikiwamo za mseto. Hapo tunaingia kwenye gari ambalo haliwezi kutengenezwa kwa kuinua kiti na kugonga nyundo. Lina kompyuta, betri yenye umeme wa kuua, na gia isiyosamehe oili ya kubahatisha. Vyuo vya VETA na gereji za mitaani zina kazi ya kujiandaa. Mnunuzi naye, kabla ya kuvutiwa na rangi, aulize: ni kizazi gani, gia ni ya aina gani, na fundi anayeijua yuko mji gani?

Wewe abiria, kabla hujapanda kesho, fanya mambo manne. Tazama kibao ni cha rangi gani. Tazama tairi za nyuma, kama bado zina vipara au zina meno. Hesabu watu, na kama kuna kigoda usikikalie wala usimkalishe mtoto. Na ukilipa nauli, dai tiketi, kwa sababu siku mambo yakiharibika karatasi hiyo ndiyo itakayoonyesha kwamba ulikuwa abiria.

Yule mzee tulimpigia tena baada ya kipindi. Mjukuu anaendelea vizuri, ameanza kukanyaga. Fidia hakuna. Tulimuuliza anakwenda na nini hospitali kwa ajili ya marudio. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Noah, mwanangu. Kuna kingine?"